Nimepewa apu ya kuruka yale maswali, niiwashe?

SWALI: Shikamoo anti. Niko kidato cha nne, naishi Uyole hapa Mbeya. Nilikuwa natafuta mitihani ya nyuma ya Baiolojia, nikakuta tovuti inasema jaza dodoso kwanza ndo faili lifunguke, nimejaza mara tatu na kila nikimaliza linakuja lingine. Kaka mmoja wa Mwanjelwa kanirushia apu ya kuruka hayo maswali ila inaomba ruhusa ya kusoma meseji, na simu ni ya mama, hela zake za biashara zimo humo. Niiwashe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiiwashe, ifute sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa. Apu ya kuruka dodoso inahitaji meseji za mama za nini? Humo ndo zinaingia namba za uthibitisho, na anayezisoma anaweza kuingia kwenye akaunti zake huku mama yuko sokoni hana habari.

Alafu hilo dodoso lenyewe ni biashara. Mwenye tovuti analipwa kila mtu anapomaliza kujaza, ndo maana ulimaliza la kwanza likaja la pili, na mara nyingi nyuma ya hilo dodoso hamna faili lolote, ni picha tu ya jalada na kile kimstari kinachojaa mpaka asilimia 99 kinagoma. Sasa ukiruka unaenda kuangukia wapi?

Kama uliandika namba ya mama, angalia salio, manake wengine wanaungwa kwenye huduma za meseji wanakatwa kidogokidogo kila siku, ukiona hivo pigeni huduma kwa wateja mwombe itolewe. Meseji ya kitapeli ikiingia, itumeni 15040, ni namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Mitihani isikutese. Kwenye tovuti ya NECTA, baraza la mitihani, kuna taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, bure, unaona swali, jibu zuri la mtahiniwa na jibu baya, na kwa nini alikosa, mi naona hiyo inakufaa kuliko karatasi tupu ya maswali. Vitabu vya kiada viko maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, bure pia. Bando likiisha nenda maktaba ya mkoa, au mwombe mwalimu wako wa Baiolojia, wengi wanazo karatasi za miaka ya nyuma.

Na mama mwambie leo jioni akirudi, hata kama atafoka, manake namba ya siri ni yeye wa kuibadilisha.