Ndege Iko Uwanjani, Mbona Hairuki?

SWALI: Mhariri, nilikata tiketi ya kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kwenye harusi ya mdogo wangu. Safari ilisogezwa mbele mara mbili, kisha ikafutwa kwa "sababu za kiufundi". Maneno hayo yana maana gani hasa?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji, harusi iliyokupita hairudishwi pamoja na nauli.

Mara nyingi siku hizi, nyuma ya maneno hayo kuna uhaba wa injini. Mwaka 2022 Air Tanzania ilianza kuegesha ndege zake za Airbus A220 kutokana na matatizo ya injini za kampuni ya Pratt & Whitney, yaliyoyakumba pia mashirika ya nchi nyingine, na mwaka 2025 Kenya Airways iliegesha Boeing 787 tatu kati ya tisa kwa sababu ya uhaba wa injini. Ndege huwa nzima, lakini injini yake iko kwenye foleni ya karakana ng'ambo kwa miezi mingi.

Shirika kubwa hupata ndege ya akiba. Kwa shirika dogo, ndege iliyokwenda Bukoba asubuhi ndiyo inayosubiriwa Mwanza mchana na Zanzibar jioni, kwa hiyo kila dakika inayopotea alfajiri huwafuata abiria wa siku nzima. Hapo ndipo uhaba wa watu unapojitokeza: rubani aliyefikia kikomo cha muda wake wa kazi haruhusiwi kuruka hata kama abiria wamekwisha kufunga mikanda, na wa kumpokea si rahisi kupatikana, kwa kuwa aliyesomea Boeing haendeshi Airbus bila mafunzo ya aina hiyo, na leseni ya juu ya urubani hudai angalau saa 1,500 za kuruka.

Kusimamisha ndege kwa ajili ya usalama ni haki kabisa. Tunachokilaumu ni kuuza tiketi za ratiba ambayo shirika linajua fika kwamba halina ndege wala marubani wa kuitimiza. Mwaka 2022, wafanyakazi walipopungua, uwanja wa Heathrow, London, uliweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku na kuyataka mashirika yasiuze tiketi zaidi za majira yale ya joto. Wengi walikasirika, lakini angalau waliambiwa mapema.

Kwa shughuli isiyosubiri, chagua safari ya kwanza ya asubuhi, na ikifutwa, omba sababu kwa maandishi kabla hujaondoka kaunta, kwani ndiyo utakayoiambatanisha na dai lako.