Niliogopa Maji Kuliko Moto

Tulipofika hatua ya dari, fundi bomba aliniuliza kama nataka vinyunyizio vya kuzimia moto. Nikakataa hata hajamaliza swali. Picha niliyokuwa nayo ni ile ya sinema: mtu anawasha kiberiti, vyote vinafunguka kwa mpigo, makochi yanaelea.

Hakubishana nami. Alinipa kimoja nikishike. Katikati kina kichupa chembamba cha kioo chenye kimiminika chekundu, na hicho ndicho kinachoyazuia maji. Joto likifika nyuzi 68 hivi, kimiminika kinatanuka, kioo kinapasuka, maji yanamwagika. Kilicho chumba cha pili hakina habari. Moshi wa sufuria iliyoungulia haukifungui, maana kinangoja joto, si moshi.

Kwa kawaida kimoja cha nyumbani hutoa lita 50 hadi 70 kwa dakika. Mpira wa zimamoto humwaga mara nyingi zaidi ya hapo, tena ukifika moto umeshakomaa. Kwa hiyo hofu yangu ya maji ndiyo iliyopaswa kunifanya nikubali.

Ila usivitarajie viokoe kochi. Chumba chenye magodoro ya sponji na plastiki kinaweza kushika moto chote ndani ya dakika 5. Kazi ya kinyunyizio ni kuubana moto pale ulipoanzia hadi mtoke. Ukizimika kabisa, shukuru. Wales waliona vinafaa kiasi cha kuvilazimisha kisheria katika nyumba zote mpya tangu 2016.

Kama presha ya bomba lako ni ya kusuasua, weka tangi na pampu, maji yatoshe dakika 10 hivi. Na umwambie fundi umeme pampu isitegemee swichi kuu ya nyumba. Watu wakihofia shoti hukimbilia kuzima swichi kuu, na pampu nayo inakufa.

Ving'ora vya moshi nilitaka kuviondoa, nikidhani sasa havina kazi. Nilikosea. Godoro linaweza kufuka usiku kucha bila ndimi za moto. Moshi unaua waliolala kabla dari haijapata joto la kupasua kioo.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Fundi rangi alipaka dari vizuri sana, na vinyunyizio navyo akavipaka. Nikapanda ngazi na kitambaa chenye thina ya kuyeyushia rangi kuvisugua, hadi fundi bomba aliponipigia kelele nishuke. Rangi huchelewesha joto na inaweza kugandisha sehemu zinazopaswa kufunguka, na kilichopakwa hakisafishwi, kinabadilishwa. Tukabadilisha vyote. (Hanga za nguo nazo hazitundikwi pale, nimeshasema sana.)

Siku hizi fundi rangi akija, navivisha mifuko mwenyewe na kuihesabu: 11 kabla ya kazi. Jioni haondoki mpaka nishike mkononi mifuko 11.