Kabla hujaanza kazi ya mwalimu msaidizi kwenye chekechea ya kanisa

Binti mmoja wa usharika wetu ameitwa kuanza kazi Jumatatu kwenye kituo cha kulelea watoto mchana. Baada ya ibada alinivuta pembeni akaniuliza, "Dada, nakwenda kufanya nini hasa? Wameniambia tu nitakuwa msaidizi." Tuliongea kidogo, mama yake alikuwa anamsubiri kwenye bajaji. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa ajili yake na kwa wengine, maana kazi hiyo nimeifanya miaka sita hapa Moshi na wakati naanza hakuna aliyeniambia chochote.

Mwalimu wa darasa anaandaa somo, anaongoza mapambio, anafundisha irabu. Mengine yote ni yako. Saa moja asubuhi uko getini unapokea watoto. Unapooza uji, unafuta kamasi, unapeleka chooni, unafua kaptura iliyolowa, unatandika magodoro, unamtafuta aliyejificha nyuma ya tangi la maji. Juni na Julai, Moshi ikiwa na baridi, utavalisha masweta asubuhi na kuyavua saa tano jua likitoka, na kila sweta litakuwa na mwenyewe anayelitambua kwa harufu tu. Ukidhani hizo ni kazi ndogo za kusubiria kazi ya kweli, utachoka ndani ya wiki mbili.

Nikueleze jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Mwezi wangu wa pili kazini nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu na nusu, mpole, aliyekuwa akikojoa karibu kila siku usingizi wa mchana. Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika na tayari nilikuwa na godoro lingine lililolowa. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Yesu hapendi watoto wanaokojoa." Hakulia. Kesho yake, kwenye sala ya kabla ya uji, wenzake wote walifumba macho, yeye akabaki ameyakodoa. Nikainama kumnong'oneza afumbe. Akaniuliza, "Yesu bado amekasirika?"

Nilikwenda jikoni nikalia. Halafu nikarudi, nikachuchumaa hadi macho yetu yakalingana, nikamwambia dada alikosea kusema vile, na kwamba Yesu anampenda akiwa mkavu na akiwa amelowa. Ilichukua wiki kadhaa kabla hajafumba macho tena.

Kwa hiyo nakuomba, usimtumie Mungu kama fimbo. Usiseme Mungu atakuchoma, Mungu anakuona, malaika ataondoka. Mtoto wa umri ule hajui kupima kama umetania au umemaanisha. Analichukua neno zima zima na kwenda nalo kulala. Kwenye Marko sura ya 10, wanafunzi walipowafukuza watoto, aliyekemewa si mtoto. Yesu alichukizwa na wanafunzi, kisha akawakumbatia wale watoto na kuwawekea mikono. Mimi naamini mtoto wa miaka mitatu anamjua Mungu kwanza kwa namna unavyomnawisha alipojichafua. Aya ya kukariri itakuja baadaye.

Kuhusu kukojoa kwenyewe, mpeleke chooni kabla hajalala, umwamshe mara moja katikati, na uwaombe wazazi waweke nguo ya akiba kwenye begi. Mbadilishe mbali na macho ya wenzake, lakini mlango uwe wazi na mwenzako wa kazi ajue uko wapi. Hiyo inamlinda mtoto, na inakulinda wewe pia.

Usimfanyie kila kitu. Mimi nilikuwa mwepesi mno wa kufunga vifungo na kumimina maji, mpaka mwalimu aliyesomea Montessori, ule ufundishaji wa kumwacha mtoto ajifunze kwa kufanya mwenyewe, akanishika mkono na kuniambia nisubiri. Mtoto alihangaika na kifungo kimoja dakika tano nzima, kikaingia, akazunguka darasa zima kukionyesha. Kama utaipenda kazi hii na ukataka kusoma, huhitaji kwenda mbali: masista wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema wana chuo cha ualimu wa Montessori hapa hapa Moshi.

Utakuta pia watoto wa Kiislamu, kwa sababu kituo kiko karibu na kwao au mama yao anawaamini walimu. Mwulize mzazi mapema, kwa heshima, angependa iweje wakati wa sala na wakati wa chakula. Wako watakaosema mtoto akae tu na wenzake, wako wasiotaka aimbe mapambio. Lolote watakalosema, lishike, na usimfanye mtoto aone kwamba yeye ni wa pembeni.

Saa za kuchukua watoto ndizo zilizokuwa zikinitia hofu kuliko zote. Kuwe na daftari lenye majina ya wanaoruhusiwa kumchukua kila mtoto pamoja na namba zao za simu, na asiyekuwemo hapewi mtoto. Kuna mwanaume alikuja akasema ni baba mdogo, mtoto mwenyewe akamkimbilia kwa furaha. Jina lake halikuwemo, na simu ya mama ilikuwa haipatikani. Nilimkatalia kwa karibu saa nzima, akanifokea mbele ya wazazi. Mama alipopatikana alisema ni kweli ni shemeji yake, na alisahau kutuambia. Ningemkatalia tena leo.

Wazazi wengine watakuambia, "Mwanangu akisumbua mchape tu." Usichape. Na ukiona alama mwilini mwa mtoto, au mtoto aliyekuwa mchangamfu amenyamaza ghafla na anaogopa kuguswa, usimhoji kama polisi na usilifanye habari ya jumuiya. Andika ulichoona na tarehe, mwambie mkuu wa kituo siku hiyo hiyo, na afisa ustawi wa jamii ahusishwe. Ipo pia namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ni bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila anayejua kwamba mtoto anaumizwa atoe taarifa, hata aliyeajiriwa jana. Utaambiwa ile ni familia ya mzee wa kanisa. Toa taarifa.

Sasa la mshahara, ambalo mabinti wengi huona aibu kulisema kanisani. Niliwahi kufanya kazi miezi minane bila mkataba, na kila nilipouliza niliambiwa hii ni huduma, thawabu iko mbinguni. Ni huduma, sikatai. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na likizo ya mwaka ni siku 28. Uliza pia kama watakuandikisha NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu ya hiyo. Uliza kwa upole, uliza wiki ya kwanza. Anayelea watoto huku hajui atalipa kodi ya chumba kwa pesa gani, hasira zake zitamwangukia mtoto wa godoro lililolowa. Mimi najua.

Jumatatu vaa sketi pana unayoweza kuchuchumaa nayo, na viatu visivyo na kisigino. Hereni ndefu ziache nyumbani, kuna mikono itazivuta. Kata kucha. Beba khanga mbili, moja ya kujifunga na moja ya mtoto atakayelia tangu getini hadi saa nne. Yupo kila siku ya kwanza. Mbebe tu mgongoni uendelee kugawa uji.