Hita ya mafuta na ya feni: ipi inakula umeme zaidi?

Uliyeuliza kama hita ya mafuta inakula umeme kidogo kuliko ya feni: hapana. Ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima bila kukata inakula uniti 2, iwe ya mafuta au ya feni, na karibu umeme wote unageuka joto. Tofauti ni namna joto linavyotoka. Kwenye hita ya mafuta, koili (waya unaopata moto) iliyo chini huyapasha mafuta, yanapanda na kuzunguka ndani ya mapezi ya chuma, ndipo hewa ya chumba inapopata joto, polepole. Ukiizima, inaendelea kutoa joto kwa muda. Mafuta hayo hayaungui wala hayaongezwi. Yakivuja, usiiwashe tena.

Kinachopunguza bili ni themostati. Chumba kikifika joto ulilotaka inakata yenyewe (utasikia "tk"), kikipoa inawasha. Ukiacha mlango wazi, huenda isikate kabisa.

Chomeka hita moja kwa moja ukutani: ya wati 2,000 kwa volti 230 inavuta karibu ampea 9, na ekstensheni nyembamba, hasa iliyoviringishwa, huweza kuyeyuka. Baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto, zima, mara nyingi soketi imelegea. Na usianike nguo juu ya hita.