Kwa wakufunzi wapya: hesabu za viti vya Bunge tunazozikosea kila mwaka

Jumamosi iliyopita niliketi nyuma ya ukumbi nikiwasikiliza wakufunzi wapya wa elimu ya uraia wakifanya mazoezi ya somo la muundo wa Bunge la Kenya, na kabla ya saa ya chai nilikuwa nimeandika daftarini makosa yale yale niliyoyaandika mwaka jana na mwaka juzi. Mmoja alisema kwamba Bunge la Kitaifa lina wabunge 350 na papo hapo akakokotoa theluthi mbili yake. Mwingine aligawa viti vya uteuzi kwa kufuata kura za urais. Wa tatu, kijana mwenye sauti nzuri na bidii ambayo ningependa kila mkufunzi awe nayo, alichora jedwali la kaunti "zilizopunjwa" kwa kuchukua idadi ya wapiga kura na kuigawanya kwa idadi ya maeneo bunge. Alipofika hapo nilishindwa kukaa kimya, kwa sababu jedwali hilo nililichora mimi mwaka 2013 na ninajua lilinifikisha wapi.

Muundo wenyewe sitaurudia kwa urefu, maana mnaujua kwa moyo: Bunge la Kitaifa lina wabunge 290 wa maeneo bunge, wanawake 47 waliochaguliwa na kaunti na wabunge 12 walioteuliwa; Seneti ina maseneta 47 wa kuchaguliwa, wanawake 16 wa kuteuliwa, wawakilishi wawili wa vijana na wawili wa watu wenye ulemavu. Ninayoandika hapa ni yale yanayotuponyoka tukiwa tumesimama mbele ya watu na chaki mkononi.

1. Spika hahesabiwi katika kura. Spika wa kila Bunge ni mjumbe kwa sababu ya wadhifa wake, na Katiba haimpi kura. Ukitafuta theluthi mbili ya Bunge la Kitaifa, unaitafuta katika 349, na unapata 232 na sehemu; kwa kuwa mtu hagawanyiki, jibu ni 233. Ukianza na 350 utapata 234, na utakuwa umewafundisha watu kwamba mswada wa kubadilisha Katiba uliopata kura 233 umeanguka ilhali umepita. Tena theluthi hiyo ni ya wabunge wote, wala si ya waliohudhuria siku hiyo. Wanaochanganya jambo hili na akidi ya wabunge 50, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kifanyike, hushindwa kueleza kwa nini mswada wa kubadilisha Katiba kuhusu usawa wa jinsia ulianguka Mei 2016 ingawa kura 195 zilikuwa za kuuunga mkono na ni wachache tu walioupinga. Ulipungukiwa na kura 38, na kila mbunge ambaye hakuingia ukumbini alikuwa sawa na aliyeupinga. Wanawake wanaotusikiliza wana haki ya kulielewa hilo kikamilifu.

2. Viti 12 vya uteuzi hugawiwa vyama kwa kadiri ya viti ambavyo wagombea wao wameshinda, si kwa kadiri ya kura walizopata. Someni Kifungu cha 90 cha Katiba tena, polepole.

3. Mwakilishi wa Wanawake, yaani kila mmoja wa wale wanawake 47 wa kaunti, huchaguliwa na wapiga kura wote wa kaunti, wanaume kwa wanawake. Niliwahi kukutana na mzee ambaye kwa chaguzi mbili mfululizo alirudisha karatasi ya kura ya kiti hicho bila alama, akiamini kwamba si yake, na aliyemwambia hivyo alikuwa mkufunzi wa elimu ya uraia. Mzee huyo hakuwa na ubishi wala kinyongo, alisikitika tu kwamba alinyimwa kitu ambacho kilikuwa chake tangu mwanzo. Tangu siku hiyo sentensi hii huitamka mara mbili katika kila somo.

4. Katiba inahesabu wakazi. Kwa hili nawaomba mnivumilie, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 2013, miezi michache baada ya uchaguzi wa kwanza chini ya Katiba mpya, nilikuwa mkufunzi wa mwaka wa kwanza na nilitaka sana kuonyesha kwamba ninaweza kufundisha kwa takwimu. Niliichukua Kaunti ya Kiambu, ya katikati ya nchi, yenye maeneo bunge 12 na wapiga kura walioandikishwa wapatao 860,000, nikaiweka kando ya Mandera, ya kaskazini mashariki, yenye maeneo bunge sita na wapiga kura wapatao 120,000. Nikagawanya. Kiambu ilipata wapiga kura zaidi ya 71,000 kwa kila kiti, Mandera 20,000. Nikaandika kwa herufi kubwa chini ya jedwali kwamba sauti ya mtu mmoja wa Mandera ni sawa na sauti za watu watatu na nusu wa Kiambu, kisha nikalichapisha katika karatasi kubwa na kulitumia katika semina zaidi ya kumi. Watu walilipenda. Walipiga picha. Katika maeneo ya kati ya nchi walitikisa vichwa kwa uchungu, nami nikauchukulia uchungu wao kuwa ushahidi kwamba nimefundisha vizuri.

Kisha nikalipeleka Garissa. Katika safu ya pili aliketi mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo aliyesafiri kutoka Mandera, na alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nilipokaribisha maswali alisimama, akanishukuru kwa kufika, akaniuliza: "Mwanangu, katika hesabu yako hii, watoto wangu umewaweka wapi?" Sikumwelewa. Akaeleza kwamba darasani mwake kuna watoto wengi kuliko madawati, kwamba hakuna hata mmoja mwenye umri wa kupiga kura, na kwamba wazazi wa baadhi yao wamesubiri kitambulisho cha taifa kwa miaka mingi, wakipitishwa mbele ya kamati za kuwachunguza uraia ambazo mtu wa Kiambu hajawahi kuziona. Asiye na kitambulisho haandikishwi kuwa mpiga kura. "Je, hawa wote hawahitaji barabara, maji wala shule? Mbunge wao si mbunge wao?"

Nilimjibu jambo fulani kuhusu usawa wa kura, na nikiwa bado nasema nilijua kwamba sijamjibu. Usiku huo nilikifungua Kifungu cha 89, ambacho nilikuwa nikikitaja kila siku, na kwa mara ya kwanza nikakisoma hadi kifungu kidogo cha mwisho, kinachoeleza kwamba kiwango cha wastani hupatikana kwa kugawanya idadi ya wakazi wa Kenya kwa idadi ya maeneo bunge. Wakazi, maana yake ni mtoto aliyezaliwa jana, mfugaji wa kuhamahama asiye na kitambulisho na bibi ambaye hajapiga kura tangu uhuru. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu watu 38,610,097. Ukigawanya kwa 290 unapata 133,138. Nikarudia jedwali langu kwa hesabu hiyo ya sheria. Kiambu, yenye watu 1,623,282, ilikuwa na wastani wa watu 135,273 kwa kila kiti. Mandera, yenye watu 1,025,756, ilikuwa na 170,959. Jedwali lilikuwa limepinduka: kwa takwimu ambazo mipaka ilichorwa kwazo, mbunge wa Mandera ndiye aliyebeba watu wengi zaidi, nami nilikuwa nimezunguka nchi nikiwaambia watu kinyume chake.

Haikuishia hapo, na hapa nawaomba msikimbilie kwenye upande wa pili. Takwimu za Mandera za 2009 zenyewe zilikuwa na utata, na mwaka 2010 serikali ilitangaza kufuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini, Mandera ikiwa miongoni mwake. Sensa ya 2019 ilipata watu 867,457 katika kaunti hiyo na 2,417,735 Kiambu. Kwa viti vile vile, wastani wa Mandera ukawa 144,576 na wa Kiambu 201,478. Kwa hiyo leo Kiambu ina watu wengi zaidi kwa kila kiti, karibu mara 1.4, na hilo ni jambo la kujadiliwa kwa uzito. Lakini ukilinganisha wapiga kura wa 2022, takriban 1,275,000 kwa 217,000, tofauti kwa kila kiti inaruka hadi karibu mara tatu. Matokeo ya 2019 ya Mandera nayo yamebishaniwa mahakamani, na mkufunzi mwaminifu husema hivyo kabla hajaulizwa.

Kilichoniuma kuliko hesabu ni kwamba sikuweza kulirudisha lile jedwali. Niliandika barua kwa wenyeji wa semina zote, nikatuma jedwali jipya pamoja na maelezo ya kosa, na baadhi yao walilitundika. Hata hivyo miaka minne baadaye, kuelekea uchaguzi wa 2017, nililikuta jedwali la kwanza katika kijikaratasi cha kampeni, herufi zangu kubwa zikiwa pale pale, likitumiwa kuwaambia watu kwamba jirani zao wa kaskazini wanawaibia. Mwalimu yule sikumwona tena. Nilimwandikia barua ya kumwomba radhi kupitia waandalizi wa semina, nami sikupata jibu, na sikuwa na haki ya kulidai.

Ndiyo maana Jumamosi nilisimama ghafla na kumkatiza yule kijana katikati ya sentensi. Namwomba radhi kwa namna nilivyomkatiza. Kwa kumkatiza kwenyewe siombi radhi.

5. Kiwango cha wastani hakimaanishi kwamba maeneo bunge yote yalingane. Katiba inaruhusu tofauti ya asilimia 40 juu au chini kwa majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa sensa ya 2019 wastani ni watu 164,015, hivyo dari ya juu kabisa ni kama 229,600 na sakafu ya chini kabisa ni kama 98,400. Sasa tazameni Nairobi: watu 4,397,073 katika maeneo bunge 17 ni wastani wa 258,651, juu ya dari. Tazameni Lamu: watu 143,920 katika maeneo bunge mawili ni wastani wa 71,960, chini ya sakafu. Hiyo ndiyo mifano ya kufundishia, kwa kuwa inatumia kipimo ambacho sheria yenyewe imekiweka. Mkiulizwa kwa nini Lamu Mashariki, ambayo mwaka 2009 haikufikisha watu 20,000, bado ina mbunge wake, jibuni kwamba Jedwali la Sita la Katiba lilikataza eneo bunge lolote kufutwa katika mapitio ya kwanza ya mipaka. Ulinzi huo ulihusu mapitio ya kwanza pekee, na wakazi wa maeneo kama hayo wanastahili kuambiwa hivyo mapema na kwa upole, pamoja na kwamba jiografia, historia na maslahi ya jamii navyo vimetajwa katika Kifungu cha 89.

6. Seneti haigawi viti vyake kwa idadi ya watu, na si kasoro. Lamu ina seneta mmoja wa kuchaguliwa, Nairobi mmoja, ingawa watu wa Nairobi ni zaidi ya mara 30. Katika miswada inayohusu kaunti kila ujumbe wa kaunti una kura moja, na seneta mteule aliyeandikishwa kuwa mpiga kura katika kaunti fulani ni sehemu ya ujumbe wa kaunti hiyo; kwa hiyo mnapohesabu, hesabuni kaunti 24, yaani zaidi ya nusu ya 47, msihesabu vichwa. Wazee wetu watawaambia kwamba tuliwahi kuwa na Seneti nyingine yenye wajumbe 41 tangu 1963, na wanasema kweli. Mwaka 1966 iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe wa kuchaguliwa 117, kila seneta akapewa eneo bunge, na ndiyo sababu tulipata maeneo bunge 158. Mzee akianza kusimulia hayo mwacheni amalize, maana mara nyingi anawafundishia nusu ya somo.

7. Idadi ya 290 imeandikwa ndani ya Katiba. Tume ya uchaguzi inaweza kuhamisha mipaka, kubadilisha majina na kugawa upya, lakini haiwezi kuongeza kiti hata kimoja, kwa hiyo kila eneo jipya mnaloahidiwa na mwanasiasa jukwaani lazima litoke kwa mtu mwingine. Mapitio yanatakiwa kufanywa kila baada ya miaka isiyopungua 8 wala kuzidi 12. Mipaka tuliyo nayo ilichapishwa Machi 2012, na miaka 12 ilitimia Machi 2024 wakati tume haikuwa na makamishna. Mapitio yakianza, watu watakuja kwenye semina zetu wakiwa na hofu na karatasi za kila aina mikononi, na baadhi ya karatasi hizo zitakuwa na jedwali kama lile langu.

Kwa sababu hiyo, Jumamosi ijayo kila mmoja aje na namba tatu za kaunti anayotoka: wakazi kwa sensa ya 2019, idadi ya maeneo bunge, na wastani wake ukilinganishwa na 164,015. Idadi ya wapiga kura iacheni nyumbani. Yule kijana wa jedwali ataanza, na nimeshamwambia kwamba nitaketi safu ya mbele.