Ukichagua kisiwa cha mbali kwa utafiti wako, usiiamini haraka rangi ya kijani

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa mwaka wa mwisho jiografia, kama unafikiria kuandika kuhusu kisiwa ambacho hutakaa ukikanyage, nisikilizeni kidogo. Mimi nilichukua Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, visiwa zaidi ya 50, kikubwa chao Diego Garcia hakifiki hata kilomita za mraba 30, na mtu wa kawaida haendi kule hivi hivi kwa hiyo kazi yote nikafanya kwa picha za setilaiti.

Nilipoona kijani kimetanda nikaandika msitu wa asili uko salama. Supavaiza akaniuliza kitu kimoja tu, nani kapanda? Nikakosa jibu. Kumbe sehemu kubwa ya kijani kile ni minazi, mashamba yaliyoanza mwishoni mwa karne ya 18, msitu ukafyekwa, na waliofanyishwa kazi ni watumwa waliotolewa Madagaska na Msumbiji, halafu vizazi vyao wakaja kuondolewa wote kati ya 1968 na 1973 ili Marekani ijenge kambi ya jeshi, Uingereza ikawapeleka Morisi na Shelisheli. Hayo huyaoni kwenye picha hata uivute karibu vipi. Soma historia kwanza ndo ufungue ramani.

Kingine panya. Waliletwa na meli, wanakula mayai na makinda ya ndege wa baharini, na mimi nikaona hiyo ni habari ya ndege tu. Sasa fuatilia: ndege anakula mbali baharini, analala kisiwani, kinyesi chake kinaoshwa na mvua mpaka kwenye matumbawe, mwani unapata mbolea, samaki wanapata chakula. Watafiti walilinganisha visiwa vyenye panya na visivyo na panya hukohuko Chagos, matokeo yakatoka 2018, pasipo na panya samaki walikutwa wengi zaidi. Hii ndo iliyonibadilisha kabisa, sikuwahi kuwaza panya wa nchi kavu anaweza kumkondesha samaki.

Halafu angalia saa ya picha jamani. Nililinganisha picha mbili, moja maji yamekupwa nyingine yamejaa, nikasema bahari imekula kisiwa, sura nzima ikabidi niifute. Sehemu kubwa ya ardhi ile ni mita moja au mbili tu juu ya bahari, bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, peke yake inabadilisha ukingo wote. Tafuta jedwali la kujaa na kupwa la siku ile kabla hujachora mstari wowote.