Jibu: Geji zinasoma sawa, mbona nguvu hazilingani?
Kaka, umeuliza kwa nini Subaru Forester ya mwenzako yenye tabo kubwa (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini) inakuacha ilhali geji zenu zote za presha ya tabo zinasoma bar 1. Geji hiyo haipimi hewa inayoingia silinda, inapima foleni mlangoni tu, yaani presha ya hewa inayosubiri kuingia. Nguvu inatokana na uzito wa hewa, na petroli inayolingana nayo. Tabo ndogo ikilazimishwa kupita uwezo wake inachemsha hewa, na hewa ya moto ni nyepesi. Usikimbilie kuongeza presha, utasikia injini inagonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda (na bei ya pistoni unaijua). Soma sensa ya hewa, gramu kwa sekunde: ukiongeza presha na gramu zisipande kwa mizunguko ile ile ya injini, tabo imefika mwisho. Mimi ningeanza na kipoza hewa na ekzosi pana.